Ndovu wa Hannibal na Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Mliniomba nizungumze siku ya kuniaga, nikakataa kwa sababu keki ilikuwa imeshakatwa, na mtu aliyeshika kipande cha keki hasikilizi. Basi nimeandika. Nyinyi walimu vijana mnaobaki kwenye ile staffroom yenye dirisha lisilofunga, someni mkingoja chai. Vyeo vyangu sitavitaja, maana ni habari fupi mno. Nitawaambia kuhusu kazi.

Nilifundisha Kilatini. Mcheke mmalize. Hata mama yangu mzazi alicheka, na yeye alikuwa akikisikia kanisani tangu utotoni bila kuuliza kinasema nini. Nilikipata utawani, kule kwetu magharibi, nikiwa novisi, yaani mtawa mwanafunzi. Aliyenifunza ni Sista Perpetua, mtawa mzee aliyetetemeka mikono kila wakati isipokuwa akishika chaki. Kitu cha kwanza alichonipa hakikuwa Kilatini. Aliniambia nijizoeze kusema "sijui" mapema, kabla wanafunzi hawajagundua wenyewe. Niliondoka utawani kabla ya nadhiri za daima, kwa sababu zilizo kati yangu na Mungu, naye mpaka leo hajalalamika. Kilatini nilitoka nacho. Hakuna aliyenipekua mlangoni.

Kisha niliolewa, mume wangu akapata kazi Magadi, tukaishi kwenye nyumba za kampuni kando ya ziwa la magadi. Huko hakuna aliyetaka Kilatini, nikapewa kufundisha dini. Joto la Magadi lina faida moja: unafundisha habari za jehanamu bila kuhitaji picha. Watoto wetu walipofika umri wa sekondari tukahamia Kitengela, na hapo ndipo nilipopata shule yetu hii upande wa kwenda Isinya.

Msidhani shule iliniita kwa kupenda elimu ya kale. Shule jirani ilikuwa imeandika kwenye bango lake kwamba inafundisha Kifaransa na kuogelea. Mwenye shule wetu hakuwa na maji ya kutosha hata ya kupigia deki, sembuse ya kuogelea, kwa hivyo aliandika Kilatini. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya darasa la watoto waliochagua somo langu kwa sababu liligongana na hesabu kwenye ratiba. Msichana mmoja aliinua mkono.

"Madam, hii lugha watu wanaiongea wapi?"

"Hakuna mahali inaongewa siku hizi."

"Kwa hivyo tukikosea, nani atajua?"

"Mimi," nikasema, na kipindi kikaanza.

Vifaa vyangu vilikuwa kamusi isiyo na jalada na kadi nilizokata kutoka kwenye katoni za sabuni, upande mmoja neno, upande wa pili maana. Wanafunzi wangu walijifunza vitenzi vikinukia sabuni ya kufulia na sioni kama iliwadhuru. Tafuteni kadi, walimu. Projekta yenu itakufa stima ikipotea, na mnajua stima ya Kitengela.

Sasa niwaambie kuhusu Ijumaa. Kipindi changu cha mwisho wa wiki kilikuwa Ijumaa baada ya chakula, saa ambayo hata malaika hafundishiki. Upepo unaleta vumbi la barabara ya Namanga, watoto wamelegea, na mazungumzo ni ya movie tu. Hasa zile za kale, zenye panga, ngao na wanaume wenye mapaja. Mwanzoni nilizipiga marufuku. Nilipoona marufuku yangu haina meno, nikazikaribisha.

Aliyetupangia utaratibu ni Nasieku, msichana wa Kimaasai kutoka Ewuaso Kedong aliyekuwa akilala bwenini. Alisema kwao watu wakiwa na jambo wanakaa enkiguena, yaani baraza, na anayesimama na rungu ndiye anayesema, wengine wananyamaza. Tukaleta rungu. Kila Ijumaa movie moja ilishtakiwa. Anayeishtaki alipaswa kusema imekosea wapi na yeye amejuaje, na sheria hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa yangu.

Ningetaka mngewasikia. Nasieku alishtaki simba wa uwanja wa Warumi. "Huyo simba ni wa kufugwa. Simba akitaka kukula hapigi kelele hivyo, anakuja tu kimya. Babangu anajua, na mbuzi wetu walijua." Wafula, mtoto wa wapangaji wa mtaa wetu, baba na mama wanarauka kwenda kazini Nairobi kila siku, alishtaki mavazi. "Wametembea miezi mingi kwa jangwa na shuka ni nyeupe pe. Zilifuliwa wapi? Mimi nikitoka tu hapa mpaka stage, soksi zimekuwa brown." Na Abdi, ambaye baba yake Mzee Hassan ana duka na pia ananunua mifugo Garissa na kuuza sokoni Kitengela, alisimama akazungusha rungu taratibu kama mnunuzi anayepima fahali kwa macho.

"Jeshi lote hilo, na farasi, na ndovu. Sijaona mtu ananunua majani. Sijaona ng'ombe wa kuchinja. Babangu akisafirisha ng'ombe kidogo tu, shida ya kwanza ni maji, ya pili ni majani. Hawa watu wanakula nini, Madam?"

Niliwaambia darasa lote kwamba hilo ndilo swali bora la historia nililosikia tangu nianze kufundisha, na sikuwa natia chumvi. Tukamaliza vipindi kadhaa tukiulizana jeshi la Hannibal, yule jemadari adui wa Warumi, lilikula nini lilipovuka milima ya theluji kwenda kuvamia Roma. Mwandishi mmoja wa zamani anadai kwamba walipozuiliwa na mwamba waliuchoma moto kisha wakaumwagia siki mpaka ukapasuka. Nasieku alitaka kujua ni nani aliyebeba siki nyingi hivyo mlimani. Sikujua, nikasema sijui.

Hao watatu walikuwa katika kundi lililokuwa likijiandaa kwa mtihani wa mwisho, ule unaotoka ng'ambo, na kabla yake tuliwapa mtihani wetu wa majaribio. Swali moja lilitaka waeleze safari ya Hannibal milimani. Nikiwa nasahihisha nyumbani nilifika kwa karatasi ya Wafula, nikasoma kwamba Hannibal aliwapaka ndovu wake mafuta ya mkia wa kondoo miguuni ili wasiteleze na wasiumwe na baridi. Nilicheka peke yangu. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Wapi?" Karatasi ya Abdi ilikuwa na mafuta yale yale. Nilipoyakuta kwa Nasieku sikucheka tena.

Shuleni kwetu karatasi zote hupitia kwa naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Mutiso, ambaye wengi wenu mnamjua kwa viatu vyake vinavyolia. Ni mtu wa haki, na mtu wa haki akikosea ni shida kubwa kuliko mwonevu, kwa sababu hana anachokionea aibu. Aliwaita watatu hao ofisini, akaniita na mimi.

"Watu watatu wakipata jibu sawa, wamesoma," alisema. "Watu watatu wakikosa kosa moja ambalo haliko kwa kitabu chochote, wamenakili. Na walikaa mstari mmoja. Nani aliandika kwanza?"

"Sir, hatujanakili," Wafula alisema.

"Basi mlitoa wapi hii maneno?"

Abdi aliniangalia kwa uso wazi wa mtu asiye na shaka. "Ni Madam alitufundisha."

Nasieku na Wafula wakaitikia kwa kichwa. Hawakuwa wakitafuta pa kujifichia. Waliamini. Mutiso akageuka.

"Madam Trufosa, ulifundisha hivyo?"

Nilifikiria kila kipindi, kila Ijumaa, kila mzaha. Siki nilifundisha. Mafuta ya kondoo sikuwahi kuyatamka maishani isipokuwa jikoni.

"Hapana," nikasema. "Sikufundisha."

Sitaki kuwaeleza jinsi walivyoniangalia. Mutiso hakupiga kelele. Alisema waende nyumbani warudi na wazazi Jumatatu ya wiki iliyofuata, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasajili kwa mtihani, na aliyenakili hasajiliwi. Mwaka mzima wa masomo ungepotea, na jina la wizi lingebaki. Nasieku alibeba godoro lake mpaka getini akapanda bodaboda, godoro limekunjwa mgongoni, hakugeuka. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu ndiyo iliyowafukuza.

Siku hizo nilikuwa nikipika ugali unaungua. Lakini mawazo yakanirudisha kwa Sista Perpetua. Alikuwa akitueleza jinsi vitabu vya kale vilivyonakiliwa kwa mkono, na jinsi wataalamu wanavyojua kitabu kipi kimezaliwa na kipi. Hawaangalii mahali palipo sawa, wanaangalia makosa. "Watu wawili wakifika kwenye ukweli mmoja," alisema, "huwezi kujua walipitia wapi. Wakifika kwenye kosa moja, wamepitia njia moja." Mutiso, bila kujua, alikuwa anasema maneno ya Sista. Kosa lile lilikuwa na mzazi mmoja. Ila mzazi si lazima awe karatasi ya jirani. Ningempata huyo mzazi, watoto wangepona.

Ijumaa ikafika. Darasa lilikuwa na viti vitatu vitupu na hakuna aliyetaka rungu. Niliwaambia kinachoendelea, kwa sababu walishajua nusu yake na nusu ndiyo hatari. Wambui, ambaye hutazama movie kwa laptop ya dada yake akiwa amevaa headphones, alisema kwa huzuni:

"Lakini ile movie ya Hannibal mimi niliiona yote. Hakuna mahali wanapaka ndovu mafuta. Kuna mzee anashika mguu wa ndovu, basi."

"Si ndio anapaka!" Kevo akadakia kutoka nyuma. "Mafuta ya mkia wa kondoo. Wewe uliangalia gani?"

Niliweka chaki chini. "Kevo, rudia."

"Madam, si anasema? DJ anasema kabisa."

"DJ gani?"

Darasa lote likanigeukia kwa huruma. "Kwani Madam huangalianga za original?" mtu akauliza.

Kwa wale kati yenu waliolelewa kama Wambui, nieleze. Kuna vijana wanaochukua movie ya kigeni wakaingiza sauti yao juu yake kwa Kiswahili cha mtaani. Mwigizaji akisema maneno mawili, DJ anasema kumi. Anawapa watu majina, anawagombanisha, anawatetea, na akikuta mahali pamenyamaza anapajaza. Ndizo zinazoonyeshwa kwenye vibanda vya video, kwenye kinyozi, na kwenye simu za watu mpaka Matasia na kwingineko. Watoto wangu walikuwa wakiniletea Roma kila Ijumaa, na sikuwahi kuwauliza waliisikia kwa sauti ya nani.

Kengele ilipolia nilikwenda moja kwa moja kwa kibanda kimoja karibu na soko ambapo kijana hukutilia movie kwenye flash.

"Ya Hannibal na ndovu," nikamwambia.

"Original ama ya DJ?"

"Ya DJ."

Aliniangalia kuanzia viatu mpaka miwani. "Mathe, kumbe wewe ni wetu!"

Nyumbani niliiweka kwa laptop ya binti yangu, nikavumilia mapigano, mapenzi na dhoruba. Wakafika milimani. Mzee mmoja akachuchumaa, akashika mguu wa ndovu, hasemi kitu, nafikiri alikuwa akitoa jiwe. DJ hakuweza kuvumilia kimya hicho: "Hapa baridi ni ile ya kuua, jamaa anaona ndovu watateleza waanguke kama magunia ya viazi. Anaambia huyu mzee, leta ile mafuta ya mkia wa kondoo, paka hao majitu miguu, haraka!"

Nilipiga ukelele binti yangu akaja mbio na ufagio, akidhani ni nyoka. Nikairudisha nyuma nikaisikiliza tena, nikacheka mpaka miwani ikaniteleza. Sijui DJ huyo ni wa wapi, lakini amekaa na watu wa kondoo, hilo halina ubishi.

Jumatatu ofisi ya Mutiso ilijaa wazazi. Mzee Hassan alikuja na koti lake la safari na uso uliofungwa. Alinisalimia kwa heshima kisha akasema, "Mwalimu, mtoto wangu akiwa mwizi, mimi mwenyewe nitamwambia aache shule. Lakini wallahi, nyumbani amelia, na Abdi halii." Watoto walisimama ukutani, hawaniangalii.

Nilimwonyesha Mutiso ile sehemu. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma, akaomba irudiwe. Kisha akasema jambo ambalo lilinikata maini kwa sababu lilikuwa sahihi.

"Hii inaonyesha maneno yapo kwa movie. Haionyeshi hawa watatu waliiona. Pengine mmoja aliiona, wawili wakamnakili."

"Basi waulize," nikasema. "Mmoja mmoja, wengine wakiwa nje. Usiwaulize mafuta. Uliza ndovu wa mwisho alipoanguka bondeni, DJ alisema nini."

Nilikuwa nimechagua hapo kwa makusudi. Kwenye movie yenyewe ndovu anaanguka na muziki unalia, hakuna neno. Wenzake wawili wakatolewa nje, akabaki Wafula. Aliangalia viatu vyake, akaangalia wazazi, akasema polepole: "Alisema, eh, 'Lala salama, mzito. Mwambieni mamake ameaga akiwa amepakwa mafuta.'" Mutiso akaandika hayo na kwamba aliiona kwa kinyozi, akamtuma chumba cha pili asikutane na wenzake. Abdi akaingia, akasema maneno hayo hayo, lakini kwa sauti ya DJ yenyewe, mbele ya baba yake, na Mzee Hassan akajifanya anakohoa. Alikuwa ameiona dukani kwao, kwenye TV ya kaunta.

Akaja Nasieku. Alisimama wima, mikono imeshikana. Aliisema sentensi hiyo kwa utaratibu kama anasoma somo kanisani, mpaka neno la mwisho. Aliiona kwao Ewuaso Kedong, kwa duka lenye sola, mwezi wa likizo. Mutiso akaweka kalamu chini. Mdomo wake ulikuwa unapigana na kitu, na kile kitu kikashinda. Alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka kabla ya hapo, na ninawaapia ni kicheko kizuri, sijui anakiweka akiba ya nini.

Akawaita wote ndani. "Hawakunakili," aliwaambia wazazi. "Mimi ndiye niliyekosea, na ninawaomba msamaha, na hawa watoto pia." Alisema hivyo amesimama, akamwangalia kila mmoja. Nilimheshimu zaidi siku hiyo kuliko miaka yote. Mzee Hassan alimshika Abdi kisogoni, akaacha mkono wake hapo. Majina yao yalipelekwa kabla ya chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa nimeshafunga laptop kwa furaha, nikidhani yamekwisha. Lakini Mutiso ni Mutiso, lazima amalize hesabu. "Kitu kimoja sielewi," alisema. "Mngesema tu ni movie. Kwa nini mlisema ni Madam aliwafundisha? Mlitaka kumharibia?"

Wafula alitikisa kichwa. Abdi alisema hajui, yeye aliona tu ni Madam. Nasieku ndiye aliyejibu.

"Sir, mimi nikikumbuka mambo ya Warumi, hata kama niliona kwa movie, kwa kichwa inakujanga na sauti ya Madam. DJ hupotea. Ni yeye tu anabaki."

"Hata kwangu," Wafula akasema.

Niliomba ruhusa, nikatoka, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikalia kama mtoto, kwa raha. Walimu wenzangu, kwa miaka mingi nilikuwa nikidhani naongea na madirisha. Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba naweza kustaafu.